Tiba saidizi ni nini? Mitishamba na makali ya kemo

Ukikaa kwenye benchi za Taasisi ya Kansa pale Mulago, Kampala, asubuhi ya siku ya dripu ya kemo (dawa za kuua seli za kansa), utaona kila mama wa pili ana flaski na si lazima iwe chai. Ya shangazi yangu, aliyekuwa anakuja na basi la usiku kutoka Arua, ilikuwa tangawizi ya kuponda bila sukari. Mama aliyekaa pembeni yake alikuwa na jerikeni ndogo ya njano, ndani maji ya majani meusi kama kahawa, na muuzaji alishamwambia akiimaliza hana haja ya kurudi hospitali tena. Sisi wote tunaziita mitishamba, kumbe hapo kuna vitu viwili.

Tiba saidizi ni ile unayotumia pamoja na matibabu ya hospitali, daktari akijua, ili kutuliza makali yake tu, yaani kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, vidonda vya mdomo. Tiba mbadala ni pale unapoacha dripu ukafuata majani. Mmea unaweza kuwa uleule, tofauti ni kazi uliyoupa.

Sasa makali yenyewe yanatoka wapi? Kemo inawinda seli zinazogawanyika harakaharaka, na kansa ndo tabia yake, ila seli za nywele, za utando wa mdomo na tumbo, na za uboho kwenye mifupa nazo ziko hivyohivyo, kwa hiyo zinapigwa zote. Kichefuchefu kinaanzia tumboni, utumbo unamwaga kemikali inaitwa serotonini ambayo inapeleka taarifa kwa ubongo kwamba kuna sumu, tapika. Vidonge vya ondansetroni vinaziba hiyo njia, na tangawizi inadhaniwa inagusa palepale. Kuna utafiti wa Marekani wa 2012, wagonjwa 576, waliokunywa nusu gramu mpaka gramu moja ya tangawizi kwa siku, wakianza siku tatu kabla ya kemo, kichefuchefu kilipungua, lakini walikuwa wanameza na dawa za hospitali za kuzuia kutapika, hawakuziacha. Tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa. Mimi nasema tangawizi inasaidia kiasi, si muujiza.

Shida inakuja kwa zile za jerikeni. Wiki ya kwanza mpaka ya pili baada ya dripu chembe nyeupe za damu zinashuka sana, mtu hana askari mwilini, halafu anakunywa majani yaliyolowekwa kwa maji ambayo hayajachemka, hapo hata mdudu mdogo anaweza kumlaza (joto likifika 38 ni kukimbia hospitali usiku huohuo, si kungoja asubuhi). Chembe za kugandisha damu nazo zinashuka, na vitunguu saumu vya kidonge, vile vilivyokolezwa, vinaweza kuongeza kutoka damu. Halafu ini, ambalo ndo linachakata dawa nyingi za kemo, ukilibebesha na mululuza (majani machungu ya kienyeji) na majani mengine matano kwa pamoja huwezi kujua dawa itabaki mwilini kiasi gani, ikizidi inakuwa sumu, ikipungua kansa inapata nafasi.

Na wanaosema hospitali inadharau majani hawajui vinkristini. Hiyo ni kemo kabisa, imetumika Mulago miaka na miaka kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt (aina ya kansa ya tezi za limfu), na inatoka kwenye kale kaua ka pinki asili yake Madagaska, kale watu wanakapanda mbele ya nyumba kama pambo. Lakini hapewi mtu achemshe. Inapimwa kwa miligramu, na hata hivyo inaacha ganzi kwenye vidole na kufunga choo.

Siku ile sista alipita na mafaili, akamuuliza shangazi, "Mama, unakunywa nini hapo?" "Tangawizi tu mwanangu." Akaandika: tangawizi, kikombe kimoja asubuhi. Akageukia jerikeni, akafungua, akanusa. "Na hii mama, majani gani?" Yule mama akanyamaza. Sista hakumgombeza, alimwomba asinywe kwanza, na safari ijayo aje na majani yenyewe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), maana jina la Kiganda na la Kilugbara si moja na wanaojua mimea wanataka kuona jani.