Alikuuzia kwa Kiswahili, Mkataba Ukaletwa kwa Kiingereza: Kuhusu Sahani, Sarafu na Picha Zinazouzwa Sebuleni

Meza yetu ya Kiswahili inazidi kupokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa familia zinazoishi hapa Marekani. Mtu amefuatwa nyumbani, mara nyingi na mtu anayesali naye, akauziwa sahani za ukumbusho, seti ya sarafu au picha ya ukutani yenye namba ya kuonyesha kwamba ni toleo la nakala chache. Ameambiwa ni akiba ya watoto. Siku anayotaka kuuza, hapati mnunuzi.

Hivi karibuni mama mmoja aliniletea boksi lenye sahani nane, kila moja ndani ya sponji yake, kila moja na cheti chake. Nilimwomba ageuze moja. Nyuma, chini ya namba iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, palikuwa na maneno madogo: toleo hili limewekewa kikomo cha siku 150 za kuchomea tanurini. Namba alikuwa ameisoma. Maneno hakuyasoma. Siku 150 si sahani 150. Kila siku moja kati ya hizo kiwanda kinachoma kadiri tanuri zake zinavyobeba, na jumla haikuandikwa popote, si kwenye sahani wala kwenye cheti.

Biashara hii ina umri mrefu. Mwaka 1895 kiwanda cha Bing & Grøndahl cha Denmark kilitoa sahani ya Krismasi, takriban 400 tu, na hizo kweli zilikuwa chache. Uuzaji mkubwa ulianza Marekani. Joseph Segel alianzisha mwaka 1964 kampuni iliyokuja kuitwa Franklin Mint, akiuza medali za fedha kwa posta kwa watu waliojiandikisha. Mwaka 1973 ikaja Bradford Exchange huko Illinois, iliyokuwa na soko la sahani lenye bei zinazotangazwa kama hisa. Mnunuzi aliyeona bei hizo zinapanda aliamini anamiliki mali. Januari 1980 bei ya madini ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi, medali nyingi za ukumbusho zilipelekwa kuyeyushwa, kwa sababu madini yake yalikuwa na thamani kuliko picha iliyogongwa juu yake.

Kilichoiangusha biashara hii zaidi ni intaneti. eBay ilipoanza mwaka 1995, kila mwenye sahani kabatini aliweza kuona wengine wangapi wanazo na wanaziuza kwa bei gani. Uchache uliokuwa unahubiriwa ukaonekana haupo. Waliokusanya walizeeka, watoto wao hawakuvitaka vitu hivyo, na leo vingi vinapatikana kwenye maduka ya mitumba kwa dola chache. Huko ndiko baadhi ya wauzaji wa sebuleni wanakovichukua.

Naomba hili lieleweke, maana tunalirudia kila siku: cheti kinathibitisha nani ametengeneza kitu. Hakithibitishi bei. Hakuna ofisi ya serikali inayoidhamini bei hiyo, hata kama cheti kina utepe na nembo ya tai. Na anayekuambia kitapanda bei, mwombe akuandikie kwamba atakinunua tena kwa bei hiyo. Hatuna nia ya kusema kila muuzaji ni tapeli. Wengi wao nao waliuziwa hadithi hiyohiyo.

Sasa utaratibu. Kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, inakupa haki ya kuvunja ununuzi uliofanyika nyumbani kwako wa dola 25 au zaidi, au wa dola 130 au zaidi ukiwa umefanyika mahali pa muda kama chumba cha hoteli au ukumbi wa kukodi. Huhitaji kutoa sababu. Mwisho ni saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za shirikisho hazihesabiwi. Ukinunua Ijumaa, na Jumatatu si sikukuu, mwisho wako ni Jumanne usiku.

Muuzaji anatakiwa akueleze haki hiyo kwa mdomo, akupe mkataba au risiti yenye tarehe, jina na anwani yake, pamoja na nakala mbili za fomu ya kuvunja mkataba. Tena, na hapa ndipo watu wetu wanapopoteza haki yao kwa kutojua, mkataba au risiti iwe kwa lugha aliyotumia kukuuzia. Kama alikaa kwenye kochi lako akazungumza Kiswahili saa nzima, karatasi ya Kiingereza peke yake haitoshi. Adhabu ya kukiuka kanuni inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kila kosa.

Jaza fomu, weka sahihi na tarehe, baki na nakala moja, nyingine itume kwa barua yenye risiti ya posta (certified mail). Kinachoangaliwa ni mhuri wa posta. Hukupewa fomu? Andika barua yako mwenyewe. Usitegemee kumpigia simu au kumwandikia WhatsApp. Ndani ya siku 10 anatakiwa arudishe fedha zote na akuambie kama atakuja kuchukua bidhaa. Ndani ya siku 20 aichukue, au akulipe gharama ya kuituma ukikubali kuituma.

Kanuni hii haihusu ununuzi uliofanywa wote kwa simu, posta au mtandaoni, wala kazi za sanaa na za mikono zinazouzwa kwenye maonyesho, maduka makubwa au shuleni. Picha uliyonunua kwenye tamasha, basi, haimo.

Mama wa sahani nane alinunua Alhamisi, akaja kwetu Jumatatu saa kumi jioni. Posta ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Barua tuliiandika tukiwa tumesimama kaunta, na mhuri ukapigwa siku ileile.