Je, wajua? Kombora la Javelin halifuati joto la injini

Wengi huamini kwamba Javelin, kombora la Kimarekani la kuangamiza vifaru, hukimbilia palipo na moto zaidi. Wakishaamini hivyo huona kinga ni rahisi: zima injini, kifaru kipoe, kombora lipotee. Sivyo. Kifaru kilicholala kimezimwa usiku kucha bado huonekana.

Kila kitu hutoa mionzi ya joto, hata chuma unachokiita baridi. Kitu chenye nyuzi 27 za Selsiasi hutoa mionzi yake kwa nguvu zaidi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 10, na jicho la Javelin huona kati ya mikromita 8 na 12. Kinachohitajika ni tofauti tu. Chuma na udongo havipoi kwa kasi moja, hivyo kifaru kilichopoa kuliko ardhi huonekana kama umbo jeusi, na umbo linatosha.

Maana jicho hilo hulinganisha picha. Lina vitambuzi 64 kwa 64, yaani 4,096 tu. Mpigaji huizingira shabaha kwa alama za pembeni kwenye skrini, kisha huifunga kabla ya kufyatua. Mfikirie mtu aliyetumwa stendi kumpokea mgeni asiyemjua, mkononi ana picha iliyopigwa kwa mbali. Mgeni akikaribia, sura inakuwa kubwa na picha ile haifai tena, kwa hiyo kila hatua anapiga nyingine na kuitumia hiyo. Kombora hufanya hivyo hadi linagonga.

Makosa huanzia kwenye picha ya kwanza. Alama zikiachwa pana zikameza kichaka cha jirani, kombora laweza kung'ang'ania kichaka. Zikibanwa mno, hukata sehemu ya kifaru na umbo linakosa mipaka. Tena alfajiri na jioni kuna kipindi ambapo chuma na udongo hulingana joto, na kifaru karibu kipotee kwenye skrini. Hapo ndipo injini iliyowashwa humsaidia mpigaji kweli, na nadhani imani ile ilipata nguvu hapo.

Jicho lenyewe lazima lipozwe sana. Kazi hiyo hufanywa na kasha dogo lenye betri na gesi ya argoni iliyoshindiliwa. Likishawashwa hudumu kama dakika 4, halizimwi likatumika tena. Mpigaji akichelewa, hulitoa na kufunga jipya.

Javelin lilianza kutumika jeshini mwaka 1996 kuchukua nafasi ya Dragon, kombora la zamani la vifaru, ambalo mpigaji wake alilazimika kushikilia shabaha hadi mwisho huku kombora likiburuta waya. Wa Javelin akishafyatua huondoka. Injini ndogo hulitoa kombora kwenye bomba, ile kubwa huwaka likiwa limeshamwacha mbali kidogo. Hupanda kama mita 150 na kushukia paa la kifaru, ambako chuma ni chembamba. Shabaha ikiwa chini ya daraja, mpigaji huchagua njia ya chini, kama mita 60. Baruti zake ni mbili: ya kwanza hulipua matofali ya kinga, yaani vibamba vyenye baruti vinavyobandikwa nje ya kifaru, ya pili hutoboa chuma.

Bomba hutupwa baada ya kufyatua. Kifaa cha kulengea, chenye kilo 6.4, hufungwa kwenye kombora jingine, na kwa kuwa kina kamera yake ya joto, askari hukitumia kulinda usiku hata pasipo na kombora.