Riwaya za Kijamaa za China Si Hotuba za Chama

Kila muhula wanafunzi wa fasihi linganishi huniambia jambo lile lile, nami limekwisha kunichosha: kwamba riwaya za kijamaa za China ni propaganda tupu, kwamba Chama cha Kikomunisti kilitoa maelekezo, mwandishi akayavisha majina ya watu, na msomaji akameza. Wanaosema hivyo kwa kawaida wamekariri hotuba alizozitoa Mao Zedong huko Yan'an, ngome ya Wakomunisti, mwaka 1942, lakini riwaya zenyewe hawajazigusa.

Ni kweli kwamba hotuba zile ziliwataka waandishi wawatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, na zilikiweka kigezo cha siasa mbele ya kigezo cha sanaa. Hata hivyo, amri ni kitu kimoja na kazi iliyoandikwa ni kitu kingine. Zhao Shuli alitangazwa kuwa mfano wa kuigwa na waandishi wote, na hadithi yake ya mwaka 1943 kuhusu ndoa ya Xiao Erhei husifiwa kwa kutetea haki ya vijana kuchagua wenzi wao. Lakini waonevu wakubwa katika hadithi hiyo, Jinwang na Xingwang, wamo ndani ya uongozi wa kijiji chini ya utawala wa mapinduzi wenyewe. Tukio la kweli lililomchochea mwandishi lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa kijana husika aliuawa. Harusi anayopewa Xiao Erhei ni itikadi, sikatai, ila tatizo linalotatuliwa halikutoka katika kitabu cha Marx.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mwandishi Liu Qing, aliyeishi miaka 14 katika kijiji cha Huangfu, mkoani Shaanxi, akiwaangalia wakulima wakiingia katika ushirika wa kilimo. Riwaya yake ya mwaka 1960, Chuangye shi, inakusudia kumtukuza Liang Shengbao, kijana anayesafiri kwenda kununua mbegu za mpunga na ambaye, kwa kuogopa kutapanya fedha za wenzake, anaagiza bakuli la tambi la senti tano na kushushia mkate aliotoka nao nyumbani. Ni kijana mwema, na ni bapa kiasi, hana undani. Anayebaki kichwani mwa msomaji ni baba yake wa kambo, mzee Liang San, aliyeota maisha yake yote kuwa na mali yake mwenyewe na ambaye hununa kila mwanawe anapohangaikia ya watu. Mwishoni mzee huyo, amevaa nguo mpya za pamba, anakwenda kununua mafuta, na watu waliopanga foleni wanampisha kwa sababu ni baba wa mwenyekiti wa ushirika. Kinachomgusa ni heshima ile. Nadharia haina nafasi hapo.

Mhakiki Yan Jiayan alipoandika kwamba mzee amechorwa vizuri kuliko shujaa, Liu Qing alimjibu kwa ukali, na Shao Quanlin, aliyewatetea wahusika wa kati, yaani wale wanaositasita, wasio mashujaa wala maadui, katika mkutano wa waandishi wa Dalian mwaka 1962, alishambuliwa hadharani miaka miwili baadaye. Kama itikadi ingekuwa maelekezo yaliyokamilika, ugomvi huu wote ungetoka wapi? Ndiyo maana huwasisitizia wanafunzi wamwache shujaa kwanza, wamfuate mhusika anayesitasita.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Utiifu haukuleta usalama: Ding Ling, mwandishi aliyeshinda Tuzo ya Stalin ya Kisovieti ya mwaka 1951, aliitwa mtu wa mrengo wa kulia mwaka 1957 na kupelekwa kaskazini ya mbali, naye Zhao Shuli alikufa mwaka 1970 baada ya kuteswa. Vitabu hivi havikuwa nakala za Warusi tu, kwani Zhao alijifunza kusimulia kutoka kwa wasimulizi wa vijijini Shanxi. Wala matini hayakuwa yameganda. Yang Mo alichapisha riwaya yake kuhusu msichana Lin Daojing mwaka 1958. Mfanyakazi wa kiwandani akamshutumu kwamba shujaa wake ana hisia za mabepari wadogo, naye katika toleo la mwaka 1960 akaongeza sura zinazompeleka kijijini miongoni mwa wakulima. Mwanafunzi anayetaka kubishana nami juu ya riwaya hiyo hunitajia kwanza toleo alilosoma.