Kucha za maiti hazikui

Kila baada ya muda hurudi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi ule ujumbe mrefu: kucha na nywele za maiti huendelea kukua, na wanaofanya kazi kwenye nyumba ndogo za mazishi za kifamilia huzikata usiku wakawauzia waganga.

Hazikui, wala hakuna jipya la kuvunwa. Ukucha hukua kwa seli kugawanyika, na seli hizo zahitaji oksijeni na sukari iletwayo na damu. Moyo ukisimama, kazi hiyo nayo husimama. Kinachotokea ni ngozi kukauka na kunywea: ya vidole hurudi nyuma, kucha zikaonekana ndefu; ya kidevu hujivuta, vinyweleo vikachomoza. Ndiyo maana waandaaji wa maiti hupaka mafuta usoni na mikononi.

Piga hesabu mwenyewe. Ukucha wa mkono wa mtu aliye hai hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Kwa wiki moja ya mochari, hata ungekuwa unakua, usingefika milimita 1.

Maiti azikwaye siku ile ile, kama ilivyo ada ya Waislamu, haonyeshi sana mabadiliko hayo. Wanaoshtuka ni waliosubiri jamaa wa mbali, kisha jeneza likafunuliwa.

Ukiwa na shaka, muulize mzee anayeosha maiti mtaani kwenu (huenda akacheka kidogo). Familia zenye nyumba hizo za mazishi, baba akiranda mbao na mwana akiendesha gari la maiti, huishi kwa kuaminiwa. Ujumbe huo ukikufikia, ufute, usiusambaze.