Je, wajua kwa nini redio ya simu hudai hedifoni?

Fungua redio ya FM kwenye simu nyingi, nayo itagoma mpaka uchomeke hedifoni, hata kama unataka kusikiliza kwa spika. Si ukorofi wa watengenezaji: waya ule ndio antena.

Stesheni iliyo kwenye megahezi 100 hurusha mawimbi yenye urefu wa mita 3. Antena hupokea vizuri ikifikia robo ya wimbi hivi, yaani sentimita 75, na waya wa hedifoni unafika. Simu yenyewe ina sentimita 15 tu. Bluetooth haina shida hiyo, kwa kuwa robo ya wimbi lake ni sentimita 3 tu.

Basi kwa nini waya usikunjwe ndani ya simu? Unakunjika, ila faida ni ndogo. Harold Wheeler wa Marekani alilichambua suala hili mwaka 1947, na mwaka uliofuata Lan Jen Chu wa chuo cha MIT, Marekani, akaweka kikomo kwa hesabu. Chukua tufe linaloifunika antena nzima: ukubwa wa tufe hilo ndio unaoweka mpaka, hata fundi awe hodari vipi wa kukunja. Antena ikiwa ndogo mno, nishati nyingi hubaki ikienda na kurudi karibu nayo. Koili, yaani waya uliozungushwa, itailazimisha antena iitikie, lakini kwenye ukanda mwembamba tu wa masafa ya mawimbi. Tufe likipungua kwa nusu, upana huo hushuka karibu mara nane!

Kwa tufe la kipenyo cha sentimita 15, upana unaobaki hauzidi megahezi 1, ilhali bendi ya FM, kuanzia 87.5 hadi 108, ina zaidi ya 20. Ukiongeza ukinzani upana unarudi, ila ukinzani huo unakula mawimbi yaleyale unayoyatafuta.

Zipo simu za batani zinazocheza FM bila hedifoni. Saketi yake inaweza kuirekebisha antena upya kila ukibadili stesheni. Karibu na mnara utasikia vizuri. Ukienda mbali, mikwaruzo inaanza.

Na redio ya AM, yenye mawimbi ya mita 300, inatosheka vipi na antena ya kijiti kifupi cha feraiti, yaani kitu cha kisumaku? Huko kelele za radi angani ni kubwa kuliko za redio yenyewe. Antena mbovu hupunguza stesheni na radi kwa pamoja, kisha amplifaya huvikuza vyote. Kwenye FM anga ni tulivu zaidi, hivyo kila kinachopotea kwenye antena husikika.