Mke wa Mpelelezi: Kazi ya Myrna Loy katika Filamu za Nick na Nora

Filamu za Hollywood za miaka ya 1930 zilizochanganya vichekesho na upelelezi hukumbukwa zaidi kwa wapelelezi wake wanaume. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kufundisha uandishi wa miswada ya filamu, nimeshawishika kwamba mchanganyiko huo usingeshikamana hata kidogo bila mwanamke aliyesimama kando ya mpelelezi. Kicheko na fumbo havipatani kwa urahisi, kwa kuwa fumbo humtaka mtazamaji awe makini ilhali kicheko humlegeza. Ni lazima awepo mtu ndani ya hadithi anayeweza kucheka na kuhoji kwa wakati mmoja, na mfano bora kuliko yote ninayoijua ni Nora Charles, aliyeigizwa na Myrna Loy katika The Thin Man, filamu ya studio ya MGM iliyotoka Mei 1934.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton. Nick Charles, mpelelezi aliyeacha kazi baada ya kuoa mwanamke tajiri, anakuja New York na mkewe kwa sikukuu ya Krismasi, na hapo anavutwa bila kutaka kwenye kesi ya mvumbuzi aliyetoweka. Mvumbuzi huyo ndiye mtu mwembamba anayetajwa katika jina la filamu, ingawa watazamaji walikuja kulihusisha jina hilo na Nick mwenyewe, na studio ikaendelea kulitumia katika filamu zote tano zilizofuata. Lillian Hellman, mwandishi wa tamthilia aliyeishi na Hammett kwa miaka mingi, ameeleza kwamba Hammett alimwambia waziwazi kuwa Nora ni yeye Hellman.

Mwongozaji W. S. Van Dyke alivutiwa na ndoa hiyo kuliko mauaji. Alipowakabidhi kazi Frances Goodrich na Albert Hackett, ambao wenyewe walikuwa mke na mume, aliwataka wajishughulishe kwanza na maonyesho kati ya Nick na Nora, na habari ya nani kamuua nani ije baadaye. Kwangu mimi huo ndio uamuzi uliozaa aina nzima ya filamu. Kwa kawaida mwandishi wa hadithi ya upelelezi huanza na mauaji, kisha hutafuta watu wa kuyabeba. Goodrich na Hackett walianza na watu wawili wanaofurahia kuwa pamoja, kisha wakaacha mauaji yawaingilie.

Myrna Loy hakuwa chaguo la wakubwa wa studio. Alizaliwa mwaka 1905 katika jimbo la Montana akiitwa Myrna Williams, akaingia Hollywood kama mchezaji ngoma katika jumba la sinema la Grauman's Egyptian, na kwa miaka kadhaa akapewa nafasi za wanawake watongozaji wa kutoka Asia, hadi kufikia mwaka 1932 alipoigiza binti wa Fu Manchu pembeni ya Boris Karloff. Ni aibu ya zama hizo kwamba binti wa wafugaji wa Montana alipakwa vipodozi ili aonekane Mwasia huku waigizaji wenye asili ya Asia wakinyimwa kazi. Van Dyke alikuwa amekwisha kumwongoza na alijua kwamba nyuma ya vipodozi hivyo kulikuwa na mtu mcheshi. Louis B. Mayer, mkuu wa studio, alikubali kwa sharti kwamba Loy amalize upesi na kuhamia filamu nyingine iliyokuwa ikimsubiri. Hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa Van Dyke alisifika kwa kuridhika na upigaji wa kwanza wa kila picha, na kazi yote ilikamilika katika muda usiozidi wiki tatu.

Ningependa tumtazame Nora anapoingia kwa mara ya kwanza. Nick yuko baa, akiwafundisha wahudumu kutikisa vinywaji kwa kufuata mapigo ya muziki, kila kinywaji na dansi yake. Nora anatokea mlangoni akiwa amekumbatia mafurushi ya zawadi za Krismasi, huku mbwa wao Asta akimburuta kwa kamba, na ghafla anaanguka kifudifudi mbele ya wateja wote. Loy alisimulia baadaye kwamba Van Dyke alimwuliza tu kama anaweza kuanguka, akaiweka kamera chini sakafuni na kutia alama mahali pa kufikia, naye akaanguka mara moja na kuteleza hadi kwenye alama. Mwili wa mchezaji ngoma ulijua la kufanya. Jambo ninalowaomba wanafunzi wangu waliangalie ni namna anavyojikusanya baada ya hapo: haoni haya, halalamiki, wala uso wake haumwombi mtazamaji amhurumie. Anakaa mezani na mumewe, anamwuliza amekunywa martini ngapi, anajibiwa kwamba ile iliyo mkononi ni ya sita, na papo hapo anamwagiza mhudumu amletee yeye tano zaidi na kuzipanga safu mbele yake. Hakuna aliyetuambia kwamba wawili hawa ni sawa kwa sawa. Hesabu ya glasi imetosha.

Onyesho hilo hutajwa mara nyingi, lakini si ndipo ninapouona ustadi mkubwa wa Loy. Ustadi wake mkubwa ulikuwa kusikiliza. William Powell, aliyeigiza Nick, ana maneno mengi kuliko mwigizaji mwingine yeyote katika filamu hiyo, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni maelezo ya kesi, yaani nani alimwona nani, saa ngapi, na fedha zilikwenda wapi. Maelezo ya namna hiyo huua filamu. Mwongozaji anapomgeukia Loy katikati ya maelezo, tunamwona akikunja pua kidogo, akiinua unyusi mmoja, au akichelewesha jibu kwa nukta moja hivi, na habari iliyokuwa kavu inageuka kuwa mazungumzo. Tunacheka kwa sababu ya uso wake, na tukiwa katikati ya kicheko kidokezo cha kesi kinatupita bila kukitilia maanani, kama mwandishi alivyokusudia.

Wasomaji wa hadithi za Bwana Msa wanaijua kazi ya namna hii. Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake wa Unguja rafiki aitwaye Najum, ambaye huuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza na kushangaa pale tunaposhangaa. Nora naye huuliza kwa niaba yetu, ila yeye huongeza kitu ambacho rafiki mwaminifu wa mpelelezi hawezi kukiongeza kwa urahisi: shaka. Yeye ni mke, amemzoea mumewe, na hatishwi na umaarufu wake.

Shaka hiyo hufanya kazi nzito zaidi katika karamu ya mwisho, ambapo Nick anawakusanya washukiwa wote mezani huku polisi waliovalishwa kama wahudumu wakipitisha vyakula. Maonyesho ya aina hii yamekuwa desturi kiasi kwamba ni rahisi kuyaona ya kuchosha, mpelelezi akihubiri na wengine wakimeza mate. Hapa Nick anatoa nadharia yake kwa sauti ya uhakika, naye Nora aliye karibu anamnong'oneza akitaka kujua kama hayo ni kweli. Nick anakiri kwamba hajui. Basi kwa nini unayasema, anauliza mkewe, na jibu ni kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kuifanya habari nzima iwe na maana. Kwa maswali hayo mawili mafupi filamu inakiri siri ya hadithi zote za upelelezi, kwamba mpelelezi anakisia kwa ujasiri, na inakiri bila kuvuruga taharuki hata kidogo. Simjui mhusika mwingine mezani pale ambaye angeweza kuyauliza.

Wakati mwingine Nora huzuiwa kushiriki, na namna anavyojibu mapigo inaonyesha jinsi waandishi walivyomheshimu. Nick anampandisha kwenye teksi huku Nora akidhani wanakwenda pamoja, kisha Nick anamwagiza dereva ampeleke kwenye kaburi la Jenerali Grant ili yeye abaki na kesi yake. Wanapokutana tena na Nick kumwuliza kaburi lilikuwaje, Nora anamjibu kwamba ni zuri sana na kwamba ameagiza Nick atengenezewe mfano wake. Jambazi mwenye bastola anapoingia chumbani mwao usiku, Nick anampiga mkewe ngumi na kumwangusha ili risasi isimpate, na anapozinduka Nora analalamikia jambo moja tu: alijua mumewe angemshinda jambazi, lakini alitaka kumwona akifanya hivyo. Ngumi ile mimi siifurahii. Hata hivyo lalamiko lake linaturudisha kwenye kiini cha mhusika huyu, maana hasira yake ni ya mtu aliyenyimwa haki ya kutazama.

Ndoa yenyewe ilikuwa na faida ya wakati wake. Wiki chache tu baada ya filamu hiyo kutoka, mnamo Julai 1934, ofisi ya Joseph Breen, iliyokagua filamu za Hollywood, ilianza kuzitekelezea studio kwa ukali kanuni za maadili ya filamu, na mapenzi ya watu wasiooana yakawa hatari kuyaonyesha. Mume na mke wanaotaniana walikuwa salama, mradi walale kwenye vitanda viwili. Kwa hiyo studio nyingine ziliiga haraka, na ni jambo la kuvutia kwamba kanuni iliyokusudiwa kubana ndiyo iliyosaidia kuleta kwenye skrini wake wengi wacheshi na werevu.

Malipo hayakuwa sawa kama glasi zilivyokuwa. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume na mswada, na ikashindwa na It Happened One Night ya Claudette Colbert na Clark Gable, iliyozoa tuzo tano. Loy hakuteuliwa, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote, hadi alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1991, miaka miwili kabla ya kufariki. Alipotambua kwamba analipwa nusu ya mshahara wa Powell, aligoma mwaka 1935 na kusafiri kwenda Ulaya, akaiacha studio imsubiri hadi ilipokubali kumwongezea. Naamini kutoteuliwa kwake na mshahara wake vilikuwa na chanzo kimoja: waliokuwa wakihesabu maneno ya kila mwigizaji hawakuona kwamba kusikiliza ni kazi.

Njia aliyoifungua ilipitiwa na wengi. Jean Arthur na Ginger Rogers kila mmoja aliigiza na Powell huyohuyo katika filamu za studio ya RKO zenye mwelekeo uleule. Glenda Farrell, akiwa mwandishi wa habari Torchy Blane wa studio ya Warner, alizungumza kwa kasi ya ajabu na kuwaacha polisi nyuma, na Jerry Siegel, mmoja wa waundaji wa hadithi za Superman, alisema wazi kwamba Torchy alichangia kuzaliwa kwa mwanahabari Lois Lane wa hadithi hizo. Katika The Mad Miss Manton ya mwaka 1938, Barbara Stanwyck ni msichana tajiri anayekuta maiti ambayo inatoweka kabla polisi hawajafika, kisha analifanyia kazi fumbo hilo yeye na rafiki zake. Naipenda filamu hiyo, lakini siwezi kuitazama bila kumfuatilia Hattie McDaniel anayeigiza mtumishi wa nyumba. Anapommwagia Henry Fonda jagi la maji kwa agizo la bibi yake, ndiye mwenye kipaji cha vichekesho kuliko wote waliomo chumbani, na bado mswada haumruhusu kuuliza hata swali moja la upelelezi. Uhuru wa mwanamke wa kuchunguza na kucheka, katika Hollywood ya siku zile, ulikuwa na rangi.

Filamu za Nick na Nora zenyewe zilififia taratibu. Mtoto alipozaliwa katika hadithi, Nora alisukumwa kuelekea malezi. Van Dyke alifariki mwaka 1943, na filamu iliyotengenezwa mwaka uliofuata ilimrudisha Nick kwa wazazi wake na kumfanya Nora mtu wa kuchekwa badala ya mtu anayechekesha. Ya sita na ya mwisho, ya mwaka 1947, ina muziki mzuri na uchovu mwingi.

Kwa anayetaka kuanza, namshauri atazame ya kwanza, kisha After the Thin Man ya mwaka 1936, iliyoandikwa na Goodrich na Hackett walewale na kuongozwa na Van Dyke. Kesi inahamia San Francisco, nyumbani kwa jamaa matajiri wa Nora wanaomdharau Nick, na kwa mara ya kwanza ni Nora mwenye uhusiano wa damu na washukiwa. Mauaji yakishafumbuliwa, wawili hao wanapanda treni. Nora anafuma kitu kidogo cha sufu, Nick anakitazama bila kuelewa, mpaka mwishowe anatambua kwamba ni soksi ya mtoto mchanga, na mkewe anamshangaa kwamba mtu kama huyo anajiita mpelelezi.