Si kweli kwamba asilimia 70 ya warithi hufilisika

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu yetu ya Unguja na Pemba: "Asilimia 70 ya wanaopata pesa za ghafla au urithi hufilisika ndani ya miaka michache. Pesa za urithi hazikai."

Hesabu hiyo haina utafiti nyuma yake. Taasisi ya Marekani iliyokuwa ikitajwa kuwa chanzo iliikana mwaka 2018. Tafiti za washindi wa bahati nasibu Sweden zimeonesha kuwa wengi hutumia pesa zao polepole, kwa miaka mingi. Wanaofuja wapo, na inauma, lakini si kanuni.

Huku kwetu kinachotuchanganya zaidi ni mgao wa mirathi ya Kiislamu. Tuseme shamba la mikarafuu Wete limeuzwa milioni 24. Marehemu hana deni wala wasia, wazazi wake wameshatangulia. Mjane anapata thumuni, yaani milioni 3. Zinabaki 21: watoto watatu wa kiume milioni 6 kila mmoja, binti milioni 3. Binti anaezeka nyumba, analipa ada ya mwanawe, zimekwisha. Barazani walisikia milioni 24, basi wanasema kaufuja urithi. Hakufuja; anaishi chini ya bati alilolinunua.

Ukitumiwa tena, uliza kwa upole: utafiti wa nani, mwaka gani, waliulizwa watu wangapi? Jibu likikosekana, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye grupu hilo yumo mjane anayeusoma akiwa bado edani.